Chelewa Chelewa, Kiungo Si Wako

Khala yangu anauza nyanya soko la Kongowea. Mpira haumhusu. Kwake yeye mpira ni jezi za kufua na kelele za majirani Jumapili usiku. Kwa hivyo aliponipigia simu saa kumi na moja alfajiri, kabla hata lori halijashusha mzigo, nikajua kuna jambo.

"Njoo unisomee karatasi ya nduguyo," akasema. "Mimi nasoma naona herufi tu."

Huyo ndugu yangu ni mwanawe wa pili. Ana miaka 21, anacheza kiungo, na yuko kwenye klabu moja ya ligi ambayo sitaitaja kwa sababu mtoto bado anakula huko. Ukimwona mtaani humdhanii: mwembamba, mpole, anasalimia wazee kwa mikono miwili. Sasa mpe mpira. Anageuka, anaangalia mara moja, na mshambuliaji ambaye wewe hukuwa umemwona anajikuta peke yake na kipa. Alijifunzia hapa hapa, kwenye kiwanja cha vumbi ambacho nusu yake ilikuwa maegesho ya mikokoteni. Ukitaka kucheza pale ilibidi ujue nafasi iko wapi kabla mpira haujakufikia, la sivyo unagonga mkokoteni.

Nilifika sokoni saa moja. Khala akanigeuzia kreti nikakaa, akanipa chai ya maziwa na mahamri mawili, kisha akatoa bahasha iliyolowa maji ya nyanya pembeni. Kurasa nne, Kiingereza kitupu. Mkataba wa miaka mitatu, aliosaini akiwa na miaka 19. Misimu miwili imekwisha, umebaki mmoja. Mshahara shilingi 25,000 kwa mwezi, unapokuja. Na ukurasa wa tatu, katikati, kuna kifungu cha mistari miwili: klabu ikitaka, yaweza kuongeza miaka miwili mingine kwa masharti yale yale. Klabu ikitaka. Kijana hakuulizwa popote.

Amewauliza viongozi mara tatu kuhusu mkataba mpya. Mara zote tatu jibu ni moja: "Tulia, kijana. Haraka haraka haina baraka. Tutaongea msimu ukiisha."

Naandika haya kwa sababu ya jibu hilo. Ukikaa maskani yoyote kuanzia Kisauni mpaka Changamwe utamkuta mchezaji, au aliyekuwa mchezaji, aliyewahi kuambiwa maneno hayo. Nasema ni jibu baya. Ni baya kwa kijana, ni baya kwa klabu yenyewe, na ni baya kwa mtaa uliomlea. Na wakitaka kupigana kwa methali, ya kuwajibu ipo: chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Hebu kwanza niwatendee haki wanaosema ngoja. Hoja yao si ya kipumbavu. Wanasema kijana wa miaka 20 hajajulikana. Msimu mmoja mzuri waweza kuwa bahati. Goti laweza kuharibika kesho. Anaweza kupata pesa akaanza kulala mchana na kuamka usiku. Wanasema pia, na hapa wanasema kweli, kwamba vilabu vyetu havina pesa ya kubahatisha. SportPesa walipojiondoa kwenye udhamini mwaka 2019, vilabu vikubwa vya Kenya vilitetemeka, seuze vidogo. Kocha wa klabu ndogo akimwongezea mtu mmoja mshahara, wengine ishirini wanagonga mlango jioni hiyo hiyo.

Sawa. Nimesikia. Sasa njooni sokoni.

Maembe yanayoingia Kongowea, ngowe na boribo kutoka Kilifi na Malindi, mengi yalinunuliwa yakiwa bado juu ya mti. Broka huenda shambani mapema, akatazama mwembe, akahesabu kwa macho, akamlipa mwenye shamba bei ya leo kwa embe la kesho. Upepo ukija, hasara yake. Wadudu wakiingia, hasara yake. Kwa hiyo bei ya mapema huwa ndogo, na ni haki iwe ndogo, kwa sababu amebeba wasiwasi. Broka anayengoja embe liive, linukie, lianguke lenyewe, hukuta watu wanane wamesimama chini ya mti, na bei imepanda mara tatu. Hajaonyesha busara yoyote. Amekataa kubeba wasiwasi, na sasa analipia uoga wake.

Kiungo wa miaka 20 ni embe juu ya mti. Klabu inayongoja "ahakikishe" inangoja mpaka kila mtu ahakikishe. Siku ambayo wewe huna tena shaka naye, hakuna klabu nyingine yenye shaka naye. Hapo unanunua mnadani.

Lakini nisije nikawasifu mabroka kupita kiasi. Kuna broka mwingine, na wakulima wanamjua. Huyu huenda mapema zaidi, mwembe ukiwa maua tu, akimlenga mwenye shamba aliye na karo ya shule mkononi. Anampa pesa kidogo, anamfunga kwa misimu mitatu, kisha anarudi kuvuna. Huyo naye amewahi, lakini amewahi kwa dhuluma. Kile kifungu cha ukurasa wa tatu ni cha broka wa aina hii. Ndiyo maana sisemi tu "ongezeni mapema". Nasema ongezeni mapema na mwongeze kitu. Kurefusha miaka bila kugusa mshahara ni kurefusha kamba ya mbuzi tu.

Mfano mkubwa wa jambo hili haukutokea Ulaya. Ulitokea hapa jirani, na sote tuliufuatilia kwenye simu zetu. Feisal Salum, Fei Toto, kijana wa Zanzibar aliyezaliwa mwaka 1998, aliingia Yanga mwaka 2018 akitokea JKU. Alikuwa kiungo wa aina ile ile: anageuka, anaangalia, mambo yanatokea. Msimu wa 2021/22 Yanga ilichukua ubingwa wa Tanzania Bara bila kupoteza mechi hata moja, na Fei alikuwa katikati ya ile timu. Mkataba wake ulikuwa unaisha Mei 2024. Hesabu mwenyewe: siku kombe lilipoinuliwa, alikuwa amebakisha takriban miaka miwili.

Hiyo ndiyo ilikuwa saa yenyewe. Alikuwa na miaka 24, ameshathibitika, ana furaha, jina lake linaimbwa Jangwani. Kama mazungumzo ya kumpandisha yalikuwepo wakati ule, hayakufika kwenye karatasi. Miezi michache baadaye, Desemba 2022, Fei aliwaaga mashabiki mtandaoni na kuweka shilingi milioni 112 za Tanzania kwenye akaunti ya klabu. Kwa hesabu iliyoripotiwa, milioni 100 ilikuwa ya kuvunja mkataba na milioni 12 ilikuwa mshahara wa miezi mitatu. Yaani milioni 4 kwa mwezi, kwa moyo wa timu isiyofungwa.

Yanga wakarudisha pesa. Januari 2023 kamati ya TFF ikaamua kwamba bado ni mchezaji halali wa Yanga. Kisheria walishinda. Wakashinda tena maombi ya marejeo yalipokataliwa. Na kile walichoshinda kilikuwa nini? Mchezaji aliyekaa nyumbani. Karibu nusu msimu mzima Fei hakupiga mpira wa ligi. Maneno ya "ugali na sukari" yakatoka upande wake, watu wakacheka, wakatengeneza vichekesho mpaka huku Mombasa. Mimi sikucheka sana, kwa sababu nawajua vijana wengi wanaokula ugali na sukari na hawana hata klabu ya kugombana nayo. Mwishowe jambo la mshahara wa kiungo mmoja likafika Ikulu. Juni 2023 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa amewaandalia Yanga hafla baada ya kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, aliwaomba walimalize. Siku chache baadaye Fei akatangazwa kuhamia Azam.

Msimu uliofuata alifunga mabao 19 ya ligi. Aliyemzidi ni mmoja tu, Aziz Ki wa Yanga, mwenye 21. Azam ikamaliza ya pili.

Najua shabiki wa Yanga ataniuliza: na bingwa alikuwa nani? Bingwa alikuwa Yanga, ndiyo. Klabu yenye kifua kama kile yaweza kupoteza kiungo na bado ikabeba kombe. Lakini klabu yako wewe, ya basi moja la kukodi na jezi seti mbili, ikipoteza kiungo inashuka daraja. Na sisemi Fei hakukosea. Kuondoka kabla hujamalizana kisheria ni kucheza kamari na miaka yako mizuri, na angeweza kuipoteza yote. Ninachosema ni kwamba mkataba ulimlinda Yanga mbele ya kamati na haukumlinda popote pengine. Karatasi yaweza kumzuia mchezaji asiende. Haiwezi kumfanya acheze.

Tazama sasa klabu iliyojua kusoma saa. Victor Wanyama, mtoto wa Muthurwa, alinunuliwa na Celtic ya Scotland mwaka 2011 kutoka Beerschot ya Ubelgiji, kwa mkataba wa miaka minne. Celtic hawakungoja miaka minne iishe. Mapema tu wakamletea mkataba mpya. Akakataa. Novemba 2012 akawafunga Barcelona kwa kichwa, bei ikapanda, nao wakaelewa kwamba hatasaini. Julai 2013, akiwa amebakisha miaka miwili, wakamuuza Southampton kwa pauni milioni 12.5 kama ilivyoripotiwa, wakati walimnunua kwa chini ya milioni moja. Hakuna aliyekaa nyumbani, hakuna rais aliyeombwa kuingilia kati. Kuuliza mapema hakumaanishi utajibiwa ndiyo. Kunamaanisha kwamba hata ukijibiwa hapana, bado una muda wa kufanya jambo.

Wamarekani nao, na ule mpira wao wa kubeba mkononi, wanalijua hili kwa uchungu. Wana mtu mmoja anaitwa kwotabeki. Ndiye anayeupokea mpira kila shambulizi linapoanza na kuamua uende wapi. Mfikirie kama kiungo mchezeshaji, ila timu nzima imening'inia shingoni mwake. Kijana aliyechaguliwa katika raundi ya kwanza husaini miaka minne, klabu ina hiari ya mwaka wa tano, na kwa makubaliano ya tangu 2011 hawaruhusiwi kuandika mkataba mpya mpaka amalize misimu mitatu. Basi kila klabu yenye kwotabeki mzuri hufika kwenye njia panda ile ile: amemaliza misimu mitatu, umebaki miwili, tunafanya nini?

Kansas City Chiefs hawakulala. Julai 2020, Patrick Mahomes akiwa amebakisha miaka miwili, walimwongezea kumi, mkataba ambao ungeweza kufika dola milioni 503. Watu walishika vichwa. Tangu hapo amewaletea makombe mawili zaidi ya Super Bowl, Februari 2023 na Februari 2024. Washington wao walikuwa na Kirk Cousins, wakasema ngoja tumwone. Wakamlipa mwaka mmoja mmoja, 2016 kisha 2017, karibu dola milioni 44 kwa misimu hiyo miwili, na bado hawakuwa na mkataba. Mwaka 2018 akaenda Minnesota. Walilipa bei ya mtu aliyethibitika, wakabaki bila mtu.

Na kwa sababu sitaki kukudanganya, wapo waliowahi wakajuta. Philadelphia walimwongezea Carson Wentz Juni 2019 kwa dola milioni 128 za miaka minne. Mwaka 2021 walikuwa tayari wamemwachia aende kwingine. Kuwahi ni kubeba wasiwasi, nimeshasema, na wasiwasi wakati mwingine hutimia. Lakini ukilinganisha makosa, kosa la Philadelphia ni la mamilioni ya dola. Kosa la klabu ya Pwani kumwongezea kijana kutoka elfu 25 hadi elfu 40 kisha akaharibika ni elfu 15 kwa mwezi. Ni pesa, sikatai, khala yangu anajua thamani ya elfu 15. Lakini klabu inayosema haiwezi kubahatisha elfu 15 kwa mchezaji wake bora, huku ikitafuta mshambuliaji wa nje kila Januari, haina shida ya pesa. Ina shida ya kutazama mbali wakati chungu kiko jikoni kwake.

Sasa twende kwenye kanuni, maana hapa ndipo vijana wengi wanapopigwa chenga. Kanuni za FIFA ziko wazi kwa wanaozisoma. Mchezaji aliye chini ya miaka 18 hawezi kufungwa zaidi ya miaka mitatu. Wengine mwisho ni mitano, isipokuwa sheria ya nchi iruhusu zaidi. Ukibakisha miezi sita, uko huru kusaini na klabu nyingine kwa ajili ya msimu ujao. Klabu yako ikikaa na mishahara miwili ya mwezi bila kukulipa kinyume cha sheria, unaweza kuiandikia ilani ya siku 15 na, isipolipa, ukavunja mkataba kwa haki. Na vile vifungu vya "klabu ikitaka", vinavyoipa hiari klabu peke yake bila kumwongezea mchezaji chochote, mara nyingi hutiliwa shaka kesi zinapofika mbele ya waamuzi. Vipo kwenye mikataba kwa sababu wanaovisaini hawavisomi, na wanaovisoma hawana nauli ya kwenda kulalamika.

Weka miezi sita ile kwenye kalenda yetu. Ligi ikiisha Juni, ndugu yangu atakuwa huru kuzungumza na yeyote ikifika Januari. Klabu inayomwambia "tutaongea msimu ukiisha" inamwambia: tutaongea miezi sita baada ya wewe kuruhusiwa kusaini kwingine. Ama hawajui kanuni, ama wanategemea kifungu cha ukurasa wa tatu. Yote mawili yanatisha.

Akiondoka bure, anayeumia zaidi ni mtu ambaye hayumo kwenye karatasi hata kidogo. Kuna kocha mmoja hapa Kongowea, sitamtaja, aliyemfundisha akiwa na miaka 16, 17 na 18. Hana mshahara. Alinunua mipira kwa pesa za bodaboda yake. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa nchi nyingine, asilimia 5 ya bei ya mauzo inagawanywa kwa vilabu vilivyomlea kati ya miaka 12 na 23. Chukua mfano mdogo: auzwe dola 100,000. Fungu la malezi ni dola 5,000, na kila mwaka kuanzia wa 16 una sehemu ya kumi yake, yaani dola 500. Miaka mitatu ya yule kocha ni dola 1,500. Mradi timu yake iwe imesajiliwa na kumbukumbu zipo, hizo ni jezi, mipira na neti, na labda kuhamisha ile mikokoteni. Lakini mkataba ukiisha, kijana anaondoka bila bei. Asilimia 5 ya sufuri ni sufuri. Kila klabu inayongoja mpaka mkataba ufe inaua pia fungu la mtaa.

Kwa hivyo, lini? Hili ndilo swali, na nitalijibu bila kuzunguka.

Mkataba wa kijana uongezwe akibakisha miaka miwili, au siku mchezo wake utakapoupita mshahara wake, chochote kitakachotangulia. Usiongezwe kwa sababu ya mechi moja ya televisheni. Ngojea msimu mmoja kamili wa dakika za kweli, mvua na jua, nyumbani na ugenini. Ukishauona msimu huo, usingoje wa pili. Muite yeye na mzazi wake, mchana, ofisini. Mpandishe mshahara kuanzia mwezi huo, si kuanzia mwaka mpya. Kama pesa ni kidogo, weka nyongeza kwa mechi alizocheza, ili wasiwasi mugawane. Andika bei ya kuondokea, bei ya haki, ili siku klabu kubwa ikija kusiwe na vita vya mitandaoni. Futa kifungu cha hiari ya upande mmoja. Na umpe nakala yake. Hiyo nakala, wallahi, ndiyo kitu cha bei rahisi zaidi kwenye orodha yote hii, na ndiyo vijana wengi hawana.

Ninyi vijana nanyi, msinipigie makofi mapema. Nimewaona mkisaini ndani ya tuktuk, karatasi juu ya goti, kwa sababu mlipewa viatu vipya. Nimewaona mkimwamini "ejenti" ambaye ofisi yake ni simu. Mali bila daftari huisha bila habari, na miguu yenu ndiyo mali yenyewe. Mama yako anayeuza nyanya hamkopeshi mtu kreti moja bila kuandika kwenye daftari. Wewe unakopesha miaka mitano ya ujana wako bila hata kupiga picha ukurasa wa mwisho. Na ukiongezewa kwa haki, mapema, na klabu iliyokubeba ukiwa hujajulikana, usianze kiburi mwezi wa pili kwa sababu mtu fulani Dar es Salaam amekutumia ujumbe. Aliyebeba wasiwasi wako anastahili misimu yako kadhaa mizuri. Hayo ndiyo mapatano ya broka mwaminifu na mwenye shamba: mmoja hupata pesa kabla ya msimu, mwingine hupata embe kwa bei ya chini. Wote wawili wanajua walichokubaliana.

Asubuhi ile sokoni tuliandika barua. Niliiandika kwa Kiswahili kwanza ili khala aifuate, kisha kwa Kiingereza. Haikuwa na matusi. Ilisema kijana anataka kubaki. Hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu ni kweli, anataka kubaki. Anaipenda ile klabu, anajua mashabiki wake kwa majina. Ikasema yuko tayari kusaini miaka miwili zaidi, ikataja mshahara, ikaomba kifungu cha ukurasa wa tatu kiondolewe, ikaomba jibu kabla ya mwisho wa Novemba. Khala alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Kwani wao hawamtaki?"

Nikamwambia wanamtaka.

"Sasa wangoja nini?"

Sikuwa na jibu. Nyuma yetu mteja alikuwa akibonyeza nyanya moja moja akitafuta zilizo ngumu, zile za kukaa wiki, na khala akamgeukia kumwambia asizibonyeze, achague kwa macho.

Kisha akamtuma kijana wa mkokoteni na ile bahasha kwenye kibanda cha kutoa nakala. Nakala mbili, kurasa nne kila moja. Moja akampa mwanawe. Nyingine akaikunja, akaitia kwenye kopo la bati anamoweka risiti za ushuru wa soko, akalifunika, akalikalia.